Dharura Itangazwe Siku Kumi na Tano Kabla

Inatangazwa kwa fahari kubwa kwa wananchi wote wa Kisangani, wa ng'ambo zote mbili za mto, kwamba kuanzia mwezi wa pili wa mwaka 1975 hakuna mtoto atakayelia mikononi mwa mtu asiye na leseni.

Tangazo hilo niliandika mimi. Lilibandikwa sokoni, bandarini, kwenye posta na, kwa makosa ya mtu wa gundi, ndani ya choo cha wanaume cha ofisi yetu, ambako ndiko lilikosomwa zaidi. Jina langu ni Kasongo, Mkuu wa Ofisi ya Leseni za Malezi na Misamaha, ghorofa ya pili, mlango wa tatu, mtaa wa Makiso. Kabla ya hapo nilitoa vibati vya baiskeli kwa miaka kumi na mmoja, na uzoefu ule ulinifaa sana. Baiskeli na mtoto ni jambo moja: vyote viwili huanguka, na vikianguka lazima ijulikane ni vya nani.

Nieleze kanuni zenyewe, maana sheria isiyoelezwa huonekana ya kipumbavu. Kanuni ya kwanza inataka dirisha moja kwa kila watoto wanne, na dirisha lisitazame mto, kwa sababu mto huwatoa watoto mawazo. Ya pili inataka picha ya Kiongozi itundikwe mahali ambapo mwananchi aliyelala chali anaweza kuiona bila kugeuza shingo, yaani kwenye dari. Ya tatu inahusu nyimbo na ngoma za Chama, robo saa kila asubuhi. Sote tunajua kwamba Mzaire huzaliwa akiwa mwanachama, hivyo mtoto wa siku tatu hana udhuru. Lakini Serikali si katili. Niliongeza kwa mkono wangu: asiyeweza kusimama apige makofi, na asiyeweza kupiga makofi apigiwe.

Ila kanuni niipendayo kama kitinda mimba wangu ni ya nne. Ilibidi tushughulikie zile nyumba zinazopokea watoto ghafla: mama kapelekwa hospitali, lori limekwama kwenye matope ya njia ya Bafwasende, meli imechelewa siku nne. Kwa miaka mingi mambo hayo yalifanyika ovyo. Dharura zilitokea siku yoyote, saa yoyote, bila karatasi. Nikaandika: "Dharura yoyote inayomhusu mtoto au mlezi wake itangazwe siku kumi na tano kabla, kwa nakala tatu, dirisha la pili." Dirisha la pili ni langu. Nilipewa daftari jipya la kurasa mia mbili, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa DHARURA ZILIZOTANGAZWA, nikachonga penseli, nikasubiri.

Wa kwanza kufika alikuwa Élise, muuza samaki wa kukaushwa. Majina ya kizungu yalikuwa yamefutwa na Serikali tangu miaka mitatu, lakini bandarini habari hufika polepole. Alikuwa na mtoto mgongoni na kikapu kichwani, na alihema.

"Papa, niko na haraka. Mama yangu ule wa Yanonge iko mugonjwa sana. Pirogue iko nangoja pale mutoni. Huyu mutoto nataka kumuacha kwa Mama Pélagie."

"Umefika fasi ya muzuri," nikamwambia. "Iko dharura?"

"Njo dharura, papa."

"Ya lini?"

"Ya leo! Ya sasa hivi!"

Nikalifungua daftari, nikahesabu kwa ncha ya penseli. "Alors, leo ni tarehe kumi na nane. Kama iko ya leo, ungekuya kuitangaza tarehe tatu."

"Tarehe tatu mama alikuwa nafua nguo."

"Na haukuona signe yoyote ya ugonjwa?"

"Alikuwa naimba, papa."

Nilisikitika naye. Nikamweleza kwamba hajachelewa kabisa: akitangaza sasa, dharura yake ingetambuliwa tarehe tano ya mwezi ujao, na siku hiyo angekuwa na haki kamili ya kuharakisha.

"Na kama mama anakufa mbele ya tarehe tano?"

"Ile itakuwa décès," nikamjibu. "Décès ni dirisha la sita."

Aliniangalia kama mtu anavyoiangalia mvua, bila hasira, akipima tu kama anaweza kupita. Kisha akakaza kitenge, akashuka ngazi. Nilimwona kutoka dirishani akigeukia upande wa bandari, kwa Mama Pélagie, bila nakala hata moja. Nikahisi kitu kinanichoma kifuani. Nilidhani ni pondu niliyokula mchana.

Huyo Mama Pélagie ilinipasa kumkagua. Nyumba yake ni ya mbao na bati, nyuma ya maghala ya bandari, na kila mwanamke anayeuza kitu mtoni anaijua kuliko anavyolijua kanisa lake. Anayepanda meli ya Isangi humwachia mtoto. Anayepanda lori la Bafwasende humwachia mtoto, akisema narudi kesho, na lori likikwama wiki nzima mtoto hukaa wiki nzima. Anayerudi huleta samaki mmoja au kwanga mbili za muhogo, na asiyekuwa na kitu huleta salamu. Mwenyewe ni mama wa miaka sitini hivi, mtu wa mtoni, mwenye mikono minene na sauti ndogo.

Nilipima. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama mto moja kwa moja, bila aibu. Picha ya Kiongozi haikuwepo kwenye dari kwa sababu dari haikuwepo. Watoto walikuwa kumi na tisa. Saba kati yao walivaa soksi nyeupe, jambo nililoliandika chini ya kichwa "Usafi" bila kufikiri zaidi.

"Mama, leseni iko wapi?"

"Ya nini, papa?"

"Ya kulea."

Akafikiri. "Ile nitakuwa niliiweka wapi... Shika huyu kwanza, niangalie."

Akaniwekea mikononi mtoto wa Élise, akaingia chumba cha nyuma. Hakutoka kwa nusu saa. Mtoto alilala juu ya abacost yangu mpya, lile koti la utumishi lisilovaliwa tai, na baada ya muda akafanya juu yake jambo ambalo kanuni hazikulitaja. Nilikaa kimya nisimwamshe. Mama Pélagie aliporudi hakuwa na leseni. Alikuwa na sahani ya lituma, ndizi zilizotwangwa zikiwa bado zinatoa moshi.

"Leseni sikuione," alisema. "Lakini kula, papa. Unaonekana umechoka."

Nilikula. Ukaguzi unahitaji nguvu.

Ripoti niliipeleka kwa Mkurugenzi wetu, Mwananchi Amundala, mtu wa Maniema kama mimi, ila yeye mifuko ya abacost yake ni minne na yote imejaa. Alikuwa na tatizo. Ijumaa ndege ingepeleka taarifa yake Kinshasa, na Kinshasa walitaka kujua ni asilimia ngapi ya nyumba za malezi za mji zina leseni au msamaha. Nyumba zilizojulikana zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya Mama Pélagie. Ya pili ni Garderie Modèle, iliyokuwa kwenye veranda ya Mkurugenzi mwenyewe, ikiongozwa na mke wake, Mama Germaine. Ilikuwa na vitanda saba, watoto saba wa wakubwa wa mji, akiwemo wa Mkurugenzi, na picha nzuri sana iliyopigwa siku ya ufunguzi. Bahati mbaya, veranda ile inatazama mto kuliko nyumba nyingine yoyote ya Makiso.

"Donc tunaweka msamaha," alisema Mkurugenzi. "Andika: mwenye kulea mutoto ya jamaa yake, leseni hapana."

"Citoyen Directeur, wale batoto ni ba banque, ba hospitali, ba posta. Jamaa yenu iko mumoja tu."

"Bibi yangu wanamuitaka nani?"

"Tante Germaine."

"Bon. Tante haiko jamaa?"

Tante kwa Kifaransa ni shangazi, hakuna ubishi. Nikaandika Kanuni ya tisa: "Jamaa ni mtu yeyote ambaye mtoto humwita kwa jina la ujamaa." Ilikuwa fupi na safi. Mkurugenzi akaipiga muhuri, na Garderie Modèle ikawa na msamaha kabla wino haujakauka. Kwa nyumba ya mbao alitoa amri nyingine: mlango ufungwe kwa nta na muhuri, Ijumaa, saa tatu ya asubuhi.

"Ile ya mbao ikifungwa, kunabaki moja," akanieleza kwa upole, maana hesabu si kipaji changu. "Moja juu ya moja ni asilimia mia."

Alhamisi nikaenda kusoma amri. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, wengine na mizigo, kwa kuwa meli ya Isangi ilikuwa inaondoka Jumamosi. Nilisoma kwa sauti, na vituo vyote. Hakuna aliyelia. Georgette, muuza kwanga mwenye mapacha, ndiye aliyeuliza.

"Papa, kesho mukifunga hapa, bangu bawili nitabapeleka wapi? Nibabebe juu ya camion mpaka Bafwasende? Juu ya mifuko ya chumvi?"

"Ile ni swali ya Transports," nikamwambia. "Avenue ya tatu, jengo ya manjano."

"Na kama siendi, tutakula nini?"

Hilo sikujua ni la idara gani. Ndipo mtoto mmoja alipovuta kitenge cha Mama Pélagie akasema, "Koko, maji." Na mwingine nyuma yake akasema, "Koko, mimi pia."

Mimi ni mtu mwaminifu. Koko, kwa yeyote asiyejua, ni nyanya, mama wa mama au mama wa baba, na ujamaa wa karibu kuliko huo ni shida kuupata. Nikatoa Kanuni ya tisa mfukoni, nikaisoma tena peke yangu. Kisha nikakaa kwenye ngazi, nikamwita mtoto mmoja mmoja, nikamwonyesha yule mama na kumwuliza, "Huyu iko nani?" Kumi na wanane walijibu, "Koko." Wa kumi na tisa, mtoto wa Élise, alisema "ko" tu, akachoka. Nikamwandika mjukuu wa muda. Majina sikuuliza; kanuni ilitaka ujamaa tu.

Mkurugenzi alizipekua karatasi kumi na tisa za msamaha, moja baada ya nyingine.

"Koko haiko jamaa," alisema mwishowe. "Koko ni kuheshimu tu. Kila mumama muzee ni koko."

"Na tante, Citoyen Directeur?"

Swali hilo niliuliza kwa nia njema kabisa. Yeye akachukua kalamu, akaongeza mstari kwenye Kanuni ya tisa: "Ujamaa utathibitishwa kwa sahihi ya ofisa mwenye cheo cha Mkurugenzi, anayeujua kwa macho yake mwenyewe." Wenye cheo cha Mkurugenzi katika jengo letu walikuwa mmoja. Alitia sahihi saba za tante Germaine papo hapo. Zile za koko akanirudishia tupu. Nyumba ya mbao hakuwahi kuikanyaga, wala yule mama hakuwahi kumwona.

"Kesho saa tatu," alisema. "Kuya na nta."

Ijumaa nilifika na nta, uzi na kiberiti. Wanawake walikuwa wamesimama pande zote za njia, vikapu vyao chini. Mkurugenzi alikuja kwa miguu, kofia kichwani, amri chini ya kwapa la kulia na mwanawe Désiré, wa miaka miwili, chini ya kwapa la kushoto.

"Bibi yangu ameenda Yanonge asubuhi," aliniambia. "Matanga. Shangazi yake amekufa. Na mama wa kazi ameenda naye. Donc mutoto iko na mimi." Akashusha sauti. "Iko dharura."

"Imetangazwa?" nikauliza, kwa mazoea.

Aliniangalia kwa namna iliyonikumbusha kwamba vibati vya baiskeli bado vinahitaji mtu.

Shangazi huyo alikuwa mama yake Élise. Nilijua baadaye kwamba Élise alifika kesho yake akamkuta bado ana sauti, wakazungumza tangu adhuhuri mpaka jioni, na kwamba yule mama aliomba kuimbiwa. Kama Élise angenitii, angekuwa bado anasubiri tarehe tano. Nasema wazi kwamba niliona aibu. Sikuiandika popote mpaka leo.

Mkurugenzi alipasua umati akaingia ndani ya nyumba, akasimama katikati ya chumba na kofia yake, akamkazia Mama Pélagie macho usoni.

"Mama," alianza, "kwa jina ya Serikali na kwa jina ya Chama..."

Hapo Désiré akajipinda, akateleza chini kama samaki, akakimbia mpaka kona ya chumba. Kulikuwa na vikombe vya bati kwenye misumari. Akachukua chekundu, bila kutafuta, akampelekea Mama Pélagie.

"Koko, maji."

Akanywa, akarudisha kikombe kwenye msumari wake, akaenda kulala kwenye mkeka wa tatu kutoka dirishani. Alikuwa amevaa soksi nyeupe.

Mkurugenzi alisahau Serikali na Chama. "Mutoto yangu anajua hapa?"

"Anakuyaka kila siku ya Mungu," alisema Mama Pélagie. "Bote saba banakuyaka. Mama yake anabaleta na mulango ya nyuma. Siku ya photo tu njo anabakisha kule kwenu."

"Juu ya nini? Kwetu kuko veranda! Kuko vitanda!"

"Nilimuuliza vile vile. Akaniambia, mama, mi sijue kulea fasi ingine. Mi mwenyewe nilikomelea hapa, tangu mudogo."

"Nani alikomelea hapa?"

"Germaine." Akaonyesha mkeka wa Désiré kwa kidevu. "Alikuya akiwa kipimo ya ule. Mama yake aliniachia ye asubuhi, akaenda kuuza samaki, akasema, Pélagie, ninarudi magaribi. Pirogue ikazama. Nikabaki na mutoto myaka kumi na sita." Akainama, akamfuta Désiré mdomo kwa pembe ya kitenge. "Ile dharura, papa, hakuitangazaka."

Mimi niliirudisha nta mfukoni.

"Lakini siku ya ndoa," Mkurugenzi alisema polepole, "walinionyesha mama ya Yanonge. Walisema njo bokilo yangu."

"Ule ni shangazi ingine, ndugu ya ule wa matanga. Mi siku ile nilikuwa na batoto kumi na ine. Nani angebaki nabo?"

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hilo hakuna asiyelijua. Na bokilo, yaani mama mkwe, hilo nalo hakuna asiyelijua. Watu wa Maniema na watu wa mtoni tunabishana juu ya mengi, jinsi ya kupika, jinsi ya kuomba, jinsi ya kuzika, lakini kwa mama mkwe tuko kitu kimoja. Mwanamume haingii nyumbani mwake kama hakuitwa. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayeingia majanini. Kwa miaka sita Mwananchi Amundala alikuwa amemkwepa shangazi huyo wa pili kwa heshima zote. Na sasa alikuwa amesimama katikati ya nyumba ya mama mkwe wake, kofia kichwani, macho kwa macho, amekuja kumfungia mlango kwa nta.

"Eeeh!" walisema wanawake kwa pamoja. "Bokilo!"

Mkurugenzi alivua kofia. Akainua amri ya Serikali, akaifunika nayo uso wake, akaanza kurudi nyuma. Aligonga fremu ya mlango, akaomba radhi kwa fremu, akatoka, akavuka njia kinyumenyume, akasimama nyuma ya ukuta wa ghala, uso kwa ukuta.

Nilimfuata kupokea maagizo.

"Citoyen Directeur, tunafunga?"

"Siwezi kugusa mulango ya bokilo!"

"Nifunge mimi, basi?"

"Mutoto yangu iko ndani!" Alikuwa anatokwa jasho. "Na hawa bamama, kesho bako ndani ya meli. Mpaka Isangi batasema Amundala amefungia bokilo yake sawa duka ya muchawi. Lakini tusipofunga, Kasongo, itakuwa moja juu ya mbili. Cinquante pour cent! Nitaandika nini Kinshasa?"

Hapo, niseme bila kujisifu, utumishi wa miaka kumi na miwili ulijitokeza. Nikatoa mfukoni zile karatasi kumi na tisa alizonirudishia tupu.

"Kuko msamaha," nikamwambia. "Ofisa mwenye cheo cha Mkurugenzi, anayeujua ujamaa kwa macho yake mwenyewe. Jana hukuwa unamujua. Leo umemuona."

"Nimemuona sana," alisema kwa masikitiko.

Niligeuka, nikainama, akatia sahihi zote juu ya mgongo wangu, bila kutazama upande wa pili wa njia hata mara moja. Kila muhuri ulinifikia mbavuni. Wanawake walipoona muhuri wa mwisho walipiga vigelegele, na Georgette akawabeba mapacha wake wote wawili akaingia nao ndani, akatoka peke yake, akaenda kutafuta lori. Mbili juu ya mbili ni asilimia mia. Ndege iliondoka na taarifa, na baada ya miezi miwili Kinshasa walitujibu kwa barua ya pongezi, ingawa ilizungumzia madaraja.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Élise alirudi kutoka matangani na karatasi iliyohitaji sahihi ya Mkurugenzi, ya kuhamisha kiti cha mama yake sokoni kiwe chake. Karatasi kama hiyo kwetu huchukua miezi minne, mitano kama mvua ni kubwa. Élise hakubishana nasi. Alikwenda bandarini, akarudi na Mama Pélagie, akamkalisha kwenye benchi mbele ya mlango wa Mkurugenzi, na watoto wawili mapajani. Mama Pélagie alikuwa anamsuka mmoja nywele.

Saa nne Mkurugenzi alifungua mlango ili aende kunywa kahawa. Aliona kitenge, akaufunga. Saa tano aliufungua upana wa kidole, akaufunga. Ofisi yake ina mlango mmoja, na ghorofa ni ya pili. Saa sita karatasi ndogo ikatokea chini ya mlango, imeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwenye kiu: "Anataka nini?" Nikaisukuma ndani karatasi ya Élise. Ilirudi na sahihi kabla sijanyoosha mgongo.

"Asante, mutoto yangu," alisema Mama Pélagie kwa mlango, akaenda kupika.

Tangu siku hiyo anakuja Jumanne na Alhamisi, na Germaine ndiye anayebaki na watoto, kwa mlango wa mbele. Benchi huwa limejaa wanawake wenye vikapu na makaratasi, na kila karatasi huchukua muda wa kuteleza chini ya mlango na kurudi. Mkurugenzi hajawahi kulalamika. Aliposikia kwamba mbao za benchi zinamwumiza mama mkwe wake kiuno, aliagiza kiti chenye mto, kwa barua rasmi, nakala kwangu. Wakubwa wa idara nyingine wanasema hajapata kutokea Mkurugenzi anayekaa ofisini muda mrefu kama huyu, na wamempendekeza kwa nishani.

Daftari langu la DHARURA ZILIZOTANGAZWA lilibaki tupu. Kurasa mia mbili, hata doa la wino hakuna. Wananchi waliendelea kuugua, kuzama na kukwama kwenye matope bila kunijulisha, nami nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba labda kanuni ya nne ilikuwa na kasoro, jambo ambalo mtumishi hapaswi kulifikiri kabla ya saa ya chakula.

Kisha, Jumanne moja, baada ya benchi kuondoka, mtu akagonga dirisha la pili kwa adabu. Alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Abacost imefungwa mpaka kifungo cha juu. Mkononi nakala tatu, zimejazwa vizuri, bila kufutwa hata neno. Nikasimama. Mwananchi wa kwanza katika mji mzima kuitii kanuni yangu! Macho yaliniloa, siwezi kuficha.

Nikasoma. "Aina ya dharura: kuja kwa bokilo ofisini. Uhusiano na mtoto: mlezi wake. Siku ya dharura: Jumanne, wiki mbili kutoka leo. Ombi: mtangazaji aruhusiwe kutokuwepo."

"Kila kitu kiko sawa?" aliuliza, akitazama nyuma ya bega lake.

Nikachukua penseli ile niliyoichonga mwezi wa pili, nikahesabu kwenye kalenda. Nikahesabu tena, kwa sababu nilimhurumia.

"Citoyen Directeur, Jumanne mpaka Jumanne ya pili ni siku kumi na ine."

"Alors?"

Nikamgeuzia kanuni, nikamwekea kidole chini ya ile ya nne, juu kidogo ya sahihi yake.

"Umechelewa siku moja."